Kuta Tisa za Rabson

Kila Jumanne wazee wa presha walipokuja kliniki, muuguzi Laurensia aliwaambia maneno yale yale: chumvi wapunguze, vidonge wasiruke, bia waache. Wengi waliitikia kwa adabu, kisha wakaenda zao kuendelea kama walivyozoea. Lakini Jumanne moja, miaka miwili iliyopita, Mzee Machage, aliyewahi kuwa dereva wa lori la bia, alivua kofia yake, akaiweka gotini, akamwambia kwamba hilo la bia asijisumbue nalo.

"Hata ningetaka kunywa, sista, ningekunywa wapi? Kituliza Moyo imekuwa duka la simu. Nyota Tatu wameweka mashine ya kusaga. Mwanzo Mgumu hata msingi wake huuoni. Hizi za siku hizi zina televisheni kila pembe. Mtu unaongea na nani?"

Wenzake kwenye benchi walicheka, kisha kila mmoja akawa na lake la kusema. Mmoja alikumbuka gramafoni ya Mwanzo Mgumu, iliyokuwa ikifunikwa kitambaa cheupe kama mtoto mchanga. Wengine wawili walibishana kama mlango wa Nyota Tatu ulitazama stendi au ulitazama mahakama, na ubishi ule uliwapa uhai ambao vidonge havijawahi kuwapa. Foleni ilikuwa ndefu, ila Laurensia hakuwanyamazisha. Aliandika majina yale matatu nyuma ya kadi iliyoharibika, na jioni akapita dukani kununua daftari kubwa lenye jalada gumu.

Tangu hapo akawa mtafuta baa. Si baa za kunywea, maana yeye mwenyewe hakunywa zaidi ya soda. Alitafuta zile zilizokufa. Aliandika jina la baa, ilipokuwa, nani aliianzisha, nini kipo pale leo, na nani anakumbuka. Jumamosi alizunguka mitaa ya Tarime na daftari kwapani, akisimama mbele ya saluni na maduka ya vifaa vya ujenzi, akiwauliza wenye nyumba kama wanajua humo ndani watu walikuwa wakicheza dansi. Wapo waliomdhania mtu wa kodi. Mumewe, Evance, fundi umeme mtaratibu, alimuuliza siku moja baa hizo zote atazifanyia nini. Laurensia alimjibu kwamba mji una historia ya mahakama na ya wakuu wa wilaya, lakini hakuna aliyeandika watu walikuwa wakikaa wapi baada ya kazi. Jibu hilo lilikuwa la kweli, ila halikuwa lote.

Laurensia alilelewa Mwanza na mama yake mdogo, Editha, aliyemchukua akiwa hajatimiza miaka minne. Mama yake mzazi, Veronika, alifariki kwa homa mwaka 1988, akiwa na miaka ishirini na minne, akazikwa kwao, kijiji kisicho mbali na Tarime. Kaburi Laurensia alilijua na alilipalilia. Alichokosa ni sura. Hapakuwa na picha hata moja. Alipokuwa mdogo akiuliza mama yake alifananaje, mama mdogo alimjibu kwamba alikuwa mzuri, kisha akamtuma akachote maji. Neno "mzuri" alikua nalo miaka yote, na halikumsaidia kitu. Alijaribu kulivalisha pua, alijaribu kulivalisha macho, likabaki neno tu.

Ni mwaka ule mama mdogo alipougua sana ndipo alipofungua kinywa. Alisema Veronika alikuwa mhudumu wa baa kule Kewanja, enzi za wachimbaji wadogo wa dhahabu, kabla mgodi mkubwa haujaja, na kwamba babu yake Laurensia aliapa jambo hilo lisitajwe nyumbani kwake. Jina la baa hakulijua. Baada ya msiba wa mama mdogo, Laurensia aliomba uhamisho aende Tarime, na wenzake waliokuwa wakihangaika kubaki Mwanza walimwona kama amechanganyikiwa. Sasa alikuwa na miaka thelathini na tisa. Alikuwa amemzidi mama yake umri kwa miaka kumi na mitano, na wakati mwingine akijitazama kwenye kioo alijiuliza kama hicho anachokitazama kina chochote cha mtu huyo.

Kwa hiyo kila alipomaliza kuandika habari za baa za mjini, aliuliza kama jambo lililomjia hivi hivi: na Kewanja je, siku zile kulikuwa na baa gani? Wengi hawakujua. Mzee Machage alijua. Alisema lori lake lilikuwa likishusha kreti kwa Bernadetha, mwenye Pumzika Baa, na wiki ambayo lori halikufika, Pumzika ilifungwa na wachimbaji walinuna kama waliofiwa. Bernadetha mwenyewe bado yupo, akasema, anakaa nyuma ya soko, amekuwa mtu wa kanisa.

Bibi Bernadetha alimpokea vizuri na kumkaribisha chai, lakini aliposikia neno baa alikunja uso. Alisema hayo yalipita, alishatubu, na hana cha kumwambia. Laurensia hakubishana. Alimpima presha, akamwandikia vipimo kwenye karatasi, akaaga. Wiki iliyofuata alirudi kumpima tena, na wiki iliyofuata tena. Mara ya tatu bibi alianza mwenyewe. Alisema watu wengine wakizeeka huenda kutazama walipoishi ujanani, lakini yeye hata pa kutazama hana, kwa kuwa Pumzika iko chini ya kile kilima cha mawe kilichomwagwa ndani ya uzio wa mgodi. Siku moja alishuka kwenye gari pale barabarani, akahesabu hatua kwa macho kutoka kwenye mti uliobaki, akaona mlango wake ungekuwa katikati ya kilima. Akapanda gari lililofuata, akarudi nyumbani.

Laurensia alimuuliza kama anamkumbuka mhudumu aitwaye Veronika. Bibi alitikisa kichwa. Wasichana walikuwa wengi, walikuja na kuondoka, na nusu yao walijipa majina ya baa ili kwao wasijulikane. Laurensia alifunga daftari. Alikuwa ameshasimama bibi alipomuuliza, kwa adabu tu ya kumsindikiza mgeni, jina lake yeye ni nani hasa, maana siku zote amemwita sista.

"Laurensia."

Bibi Bernadetha aliweka kikombe chini polepole. "Kaa," akasema. "Kulikuwa na mmoja. Wenzake walificha kama wana watoto, yeye hakuficha. Kila mteja aliambiwa ana mtoto wa kike nyumbani, anaitwa Laurensia, anaanza kutembea, anaanza kusema. Hatukumwita Veronika. Tulimwita Mama Lau."

Hakuna mtu aliyewahi kumwita Laurensia Lau, au kama walimwita, alikuwa mdogo mno kukumbuka. Alikaa. Bibi akasema asingeweza kumdanganya: miaka ni mingi, na uso wa Mama Lau hauji vizuri. Unakuja na kuondoka. Anachokumbuka ni kwamba alikuwa mwepesi wa miguu, na kwamba ndiye aliyechorwa ukutani.

Laurensia aliuliza kuchorwa vipi. Bibi akamweleza kwamba siku zile baa bila mchoro haikuwa baa. Alikuwepo kijana kutoka Ikoma, Rabson, aliyezunguka na makopo ya rangi akichora kuta za baa wilaya nzima: simba, gitaa, chupa inayotoka povu. Kwake Pumzika alimchora Mama Lau amebeba sinia. Mchoro uliwapendeza wateja mno, na kuanzia siku hiyo kila baa Rabson aliyoitwa, alimchora mwanamke yule yule, hata pale ambapo mwenye baa alimwagiza simba.

Siku ile Laurensia hakupanda bodaboda. Alitembea hadi nyumbani kwa miguu. Alifungua daftari mezani, akapitia baa moja baada ya nyingine, akitafuta mahali ambapo mzee fulani alitaja mchoro. Akagundua aliandika mwenyewe, kwa mkono wake, bila kujua anaandika nini: *Kituliza Moyo, ukutani palikuwa na mwanamke na sinia. Nyota Tatu, mwanamke ukutani, wazee wawili wanamkumbuka.* Kituliza Moyo ilivunjwa, na Nyota Tatu ilipigwa plasta upya zamani. Alikuwa amesimama kwenye sehemu zile mbili mara kadhaa, akiuliza habari za gramafoni.

Wiki mbili baadaye alichukua likizo ya siku tatu akaenda Ikoma kumtafuta Rabson. Evance alitaka kwenda naye, Laurensia akamwomba abaki na watoto. Hakujua atarudi na nini, na kama ni bure, alitaka iwe bure yake peke yake. Njia ilipita Kewanja. Aliona kilima cha mawe nyuma ya uzio, cha kijivu, kipana, kimechongwa ngazi ngazi, na watu barabarani wakiuza nyanya wala hawakitazami. Gari lilivuka daraja la Mto Mara, likaingia wilaya ya Serengeti, na mjini Mugumu Laurensia akabadili gari.

Mzee Rabson alikuwa nje ya nyumba yake, jirani na barabara iendayo lango la hifadhi, ameketi kwenye kiti cha chuma. Ukutani kwake kulikuwa na vibao vilivyochorwa nyati na twiga, vya kuwauzia wageni, lakini vilikuwa vya zamani na jua lilishavipausha. Laurensia alimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba huku akigeuza kichwa upande, na kwa mgeuko ule tu muuguzi alijua: mzee yule aliona kwa pembeni, katikati ya macho yake mlishaingia giza. Rabson alithibitisha mwenyewe. Presha ya macho, alisema, na alichelewa kwenda hospitali. Walichoweza kuokoa ni hicho kidogo. Kuchora aliacha mwaka wa sita sasa.

Laurensia hakujua pa kuanzia, akaanza na Pumzika Baa. Mzee akatabasamu, akasema amefurahi kuna mtu anayeijua. Akataja rangi alizotumia pale, nyekundu ya kopo lililovushwa kutoka Kenya, na bluu aliyoichanganya mwenyewe. Laurensia akamwambia yeye ni mtoto wa Mama Lau.

Rabson alinyoosha mkono kama anayetaka kumgusa uso, kisha akaurudisha, akaukunja pajani.

"Niligoma kumchora mtu mwingine," akasema. "Nilimwomba anioe, maana ndivyo nilivyomwambia, anioe yeye mimi, tukacheka. Akasema nisubiri, mtoto akue kidogo. Nilikwenda Musoma kununua rangi. Niliporudi walikuwa wameshazika."

Alisema alimchora kwenye kuta tisa. Alizihesabu kwa vidole, na Laurensia akaandika. Pumzika ilikuwa chini ya mawe. Tatu za Tarime zilivunjwa au kupigwa plasta. Sirari mbili, moja iliungua, nyingine ilibomolewa barabara ilipopanuliwa. Mugumu mbili, zote zimekuwa ghorofa. Kidole cha tisa kilibaki hewani. Mbalibali, akasema. Alikuwepo mfanyabiashara wa ng'ombe aliyefungua baa akitegemea mnada ungehamia pale. Mnada haukuhamia, baa haikumaliza mwaka. Hiyo hajui iliishaje, hakurudi tena.

Asubuhi yake walikwenda pamoja, Laurensia akiwa amekodi gari dogo la mtu wa Mugumu. Rabson alivaa koti la suti. Njiani aliuliza tu kama mahindi yamestawi, kwa kuwa aliona kijani lakini hakuona majani.

Nyumba ilikuwepo, ya matofali ya kuchoma, paa la bati limeshika kutu. Ilikuwa duka la dawa za mifugo na pembejeo, na mwenye duka aliitwa Joram, mtu wa makamo, mtoto wa yule mfanyabiashara wa ng'ombe. Alisikiliza hadithi yote akiwa ameegemea kaunta. Alisema ndiyo, ukutani palikuwa na mwanamke, yeye akiwa mdogo alimwogopa kwa sababu popote ulipokwenda alikutazama. Lakini baba yake alipookoka alimpaka chokaa, na kila mwaka kabla ya Krismasi akampaka tena, na Joram mwenyewe akaendeleza desturi hiyo hata baada ya mzee kufariki. Ukuta ni ule wa nyuma, palipopangwa mifuko ya mbolea.

Laurensia aliona imeishia hapo. Rabson, kinyume chake, alisimama wima.

"Ilikuwa chokaa au rangi?"

"Chokaa," Joram akajibu. "Chokaa tupu."

"Nilichora kwa rangi ya mafuta," Rabson akasema. "Chokaa haishiki juu ya mafuta. Inakaa tu. Lete maji na matambara, na mwenye duka asiwe na hofu, ukuta wake hautaharibika."

Joram alisita. Alisema marehemu baba yake asingependa. Alitoka nje, akasimama kwenye jua kidogo akiwa amewapa mgongo, kisha akarudi akaanza kuhamisha mifuko. Mkewe alileta ndoo mbili za maji. Laurensia alijifunga kanga juu ya gauni lake, akalowesha tambara, akaanza kufuta kutoka chini, mahali Rabson alipomwelekeza kwa kuupapasa ukuta na kiganja. Chokaa ililainika ikawa uji, ikamchuruzika mikononi. Ilitoka kwa vipande, tabaka juu ya tabaka, Krismasi juu ya Krismasi. Ikatokea bluu. Ikatokea ncha ya sinia, kisha mkono, vidole vinne vilivyonyooka kama vijiti. Alipanda juu ya kreti. Ikatokea kola ya gauni jekundu, ikatokea shingo. Hapo alipumzika, na hakuna aliyemharakisha.

Uso ulitoka taratibu, kidevu kwanza. Sehemu moja ya shavu iling'oka pamoja na chokaa ikaacha tofali. Mengine yote yalikuwepo: macho makubwa yaliyotazama mbele moja kwa moja, nyusi, paji pana, nywele zilizosukwa mistari kurudi nyuma, na mdomo uliofunguka kuonyesha mwanya mkubwa katikati ya meno ya juu. Laurensia alishuka kwenye kreti, akarudi nyuma hadi mgongo ukagusa kaunta. Hakulia, ingawa siku zote alidhani angelia. Alijikuta anataka kutengeneza kola ya lile gauni, iliyokaa upande.

"Niambie," Rabson akasema nyuma yake. "Mimi naona wekundu tu. Niambie uso ulivyo."

Akamwambia. Alianza na macho, akayaeleza yalivyo, na mzee akasema hayo ni sawa, hayo aliyapata. Alipofika kwenye pua, akasema ni nyembamba na imenyooka, Rabson alitikisa kichwa. Pua aliikosea, akasema, alikuwa kijana na alidhani pua nyembamba ndiyo uzuri. Ya Mama Lau ilikuwa pana kidogo, imelala vizuri. Laurensia akaigusa yake bila kufikiri. Hereni? Hakuvaa hereni, hizo alimvalisha Rabson mwenyewe. Paji je? Paji lilikuwa hilo hilo. Vidole hakuwahi kuviweza, vya mtu yeyote. Na mwanya, akauliza Laurensia, mwanya ulikuwepo au ni urembo wa brashi? Ulikuwepo, mzee akajibu, na alikuwa akipitisha njiti ya kiberiti hapo akiwaza jambo.

Hivyo ndivyo alivyompata, nusu ukutani na nusu kinywani mwa Rabson, akivua hiki na kurekebisha kile, mpaka mtu akatokea katikati ya hivyo viwili. Alipiga picha nyingi kwa simu, na kila aliyoitazama aliiona haitoshi, akainua tena macho ukutani.

Mfugaji mmoja aliingia kununua dawa ya kupe. Alisimama mlangoni akautazama ukuta uliolowa, kisha akamtazama Laurensia aliyerowa chokaa hadi viwikoni, kisha ukuta tena. Akamuuliza Joram kama huyo dada ndiye aliyechorwa.

"Ni mama yangu," Laurensia akasema. Lilikuwa neno rahisi, watu hulisema kila siku wakionyesha kidole stendi na sokoni, lakini yeye hakuwahi kupata pa kuelekeza kidole.

Yule mtu akaitikia kwa kichwa, akachukua dawa yake akaenda. Joram alisema mifuko ataipanga upande wa pili, na chokaa ya mwaka huu ataona. Hakuahidi zaidi ya hapo, na Laurensia hakumlazimisha.

Waliondoka saa tisa. Walipokaribia Mugumu Laurensia alimuuliza Rabson sauti ya mama yake ilikuwaje. Alikuwa amedhani akiipata sura angeshiba, na sasa aliona sura imefungua njaa nyingine. Mzee aligeuzia dirisha upande ule wa jicho linaloona.

"Imenipotea," akasema. "Uso niliushika kwa sababu mkono uliuchora mara tisa. Sauti sikuichora. Lakini Bernadetha alikaa naye kaunta moja. Muulize yeye."

Laurensia alisema atamuuliza Jumatatu, kabla hajaingia kazini.